Ndege yangu ya rimoti inazamisha pua ghafla ikishika kasi. Nimeongeza uzito mbele, haijasaidia

Kipanga_Dom (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada maana huu ni mwezi wa pili nahangaika na kitu kimoja na nimeshaanza kuogopa kuirusha.

Ndege ni ya kujitengenezea, bawa liko juu, nimetumia fomubodi ya watu wa mabango. Urefu wa bawa ncha hadi ncha ni sentimita 140, upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni sentimita 24. Chini bawa ni bapa, juu lina mgongo. Uzito wote pamoja na betri ni gramu 1,150. Mota ni 2212 ya kv 1000, propela 10x4.5, betri lipo seli 3 ya mAh 2200, sevo (vimota vidogo vya kusogeza usukani) nne za gramu 9. Bawa limefungwa kwa mipira ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa pete pete, inapita juu ya bawa kutoka vijiti vya mbele hadi vya nyuma. Vijiti ni vya mishikaki, viwiliviwili vimeunganishwa kwa gundi.

Ilianza kuruka mwezi wa tatu na wallah ilikuwa ndege nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Unaiachia mkono, inakwenda yenyewe kama mashua. Watoto wa pale uwanjani walikuwa wanaijua kwa sauti.

Kuanzia mwezi wa saba imebadilika. Ikiwa mwendo wa kawaida haina neno. Lakini nikiishusha kutoka juu ikashika kasi, inafika mahali pua inazama ghafla, kama mtu ameusukuma mkia kwenda juu. Navuta stiki, inakataa kidogo, halafu inaruka juu kwa nguvu hadi bawa linajipinda. Mara ya mwisho ilifika kama mita 5 juu ya mashina ya uwele ndipo ikanyanyuka. Mikono ilitetemeka nikakaa chini.

Nilisoma kwamba ndege inayozamisha pua kwenye mbizi ni nzito mkiani. Nikaweka risasi ya kuvulia samaki gramu 60 kwenye pua. Kitovu cha uzito kikatoka sentimita 7.5 nyuma ya ukingo wa mbele kikaja 6.2. Sasa inatua kwa kasi kubwa, inataka trimu (marekebisho madogo ya rimoti ya kuiweka ndege sawa) ya juu muda wote, na ile tabia ya kuzama ipo palepale. Naweza hata kusema imezidi.

Niko Dodoma, naruka asubuhi kabla upepo haujaamka. Naombeni mawazo.

FundiRedio

Pole mkuu. Kabla ya lolote, anza na redio. Sevo nne zinavuta umeme kutoka kwenye spidi kontrola (kifaa kinachoongoza mota) moja, ukivuta stiki kwa nguvu volti zinaanguka, risiva (kipokezi cha rimoti) inazima nusu sekunde na kuwaka tena. Hapo ndege inakwenda inakotaka yenyewe. Unatumia spidi kontrola ya ampea ngapi? Na antena ya risiva umeilaza vipi? Ikikaa juu ya betri au imekunjwa pamoja na waya za mota, unatafuta matatizo.

Kipanga_Dom

Shukrani FundiRedio. Spidi kontrola ni ampea 30. Antena imesimama nje, mbali na betri. Jaribio la umbali nilifanya, nimetembea na rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo hadi hatua 40, sevo zote zinaitikia.

Kingine, ndege ikizama eileroni, yaani vibao vya kwenye bawa vya kuilaza ndege, bado zinafanya kazi. Naweza kuilaza kushoto na kulia. Ni pua tu ndiyo inayogoma.

FundiRedio

Basi si redio. Risiva ingezima, kila kitu kingekufa pamoja. Nimejitoa hapo.

Tiara_Nai

Salamu kutoka Nairobi. Ndugu, umesema Dodoma. Huko ni kama mita 1,120 juu ya bahari, na joto la mchana likifika nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi kama vile uko mita 1,900 hivi. Sisi huku tunalijua hili vizuri. Ndege iliyochorwa na mtu anayeishi kando ya bahari, ukiirusha huku lazima ikimbie zaidi ndipo ishike hewa. Huenda ndege yako inaishiwa unyanyuo na wewe unadhani inazama kwa kasi.

Mlango wa Kusi

Hapana Tiara, kwa heshima. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya bawa na ya mkia kwa pamoja, kwa kiwango kilekile. Ndege itakwenda kasi zaidi kama asilimia 10 kupata unyanyuo uleule, itatua kasi zaidi, propela itavuta kwa nguvu pungufu. Lakini uwiano kati ya bawa na mkia haubadiliki. Ndege iliyotulia Tanga itatulia Dodoma. Tena anaruka asubuhi, joto halijapanda. Na jambo kubwa: mwezi wa tatu alikuwa hapohapo Dodoma na ndege ilikuwa nzima.

Swali langu kwa mleta uzi: ukizima mota kabisa kisha ukaishusha, inazama pia? Jaribu hivi. Panda juu sana, mita 80 na kuendelea. Itrimu iende sawa bila kuishika. Zima mota, isukume pua chini kama nyuzi 30, achia stiki, uangalie tu. Ikijinyanyua haraka, pua ni nzito. Ikinyanyuka polepole au ikaendelea na mstari wake, uko karibu na sawa. Ikizidi kuzama, kwa kawaida mkia ndio mzito. Ninasema kwa kawaida, tutarudi hapo.

Usifanye kama huna urefu wa kutosha. Na mtu mwingine asimame akuangalie ndege, wewe uangalie ndege pia, asije mpita njia.

Kijana wa Chang'ombe

Naombeni niulize humuhumu. Yangu nikiongeza nguvu inavuta kushoto. Bado natumia bawa la juu kama la mkuu hapo juu.

Mlango wa Kusi

Kijana, zima mota uitazame inavyoelea. Ikienda moja kwa moja ikiwa imezimwa na inavuta kushoto ikiwa na nguvu tu, geuza mota itazame kulia nyuzi 2 au 3, kwa kuweka washa (pete bapa za chuma) mbili nyuma ya skrubu za upande wa kushoto. Ikivuta kushoto hata mota ikiwa imezimwa, bawa limejikunja au trimu haiko sawa. Fungua uzi wako ukikwama, tusimchanganye mwenzetu.

Kipanga_Dom

MREJESHO.

Nimeamka saa kumi na moja leo. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, moshi wa jiko la mama mmoja jirani na uwanja ulikuwa unapanda wima. Nilimchukua mpwa wangu asimame na simu.

Mota imezimwa, mbizi ya nyuzi 30. Mara ya kwanza: inashuka vizuri, tena kwa hii risasi ya pua ilianza hata kujinyanyua kidogo. Halafu kasi ilipozidi, tap, pua ikaenda chini. Nikavuta, ikakataa, ikaruka juu. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu niliishusha kwa nyuzi chache, kama 15, haikufanya lolote.

Kwa hiyo si mota. Na tabia yake si ya taratibu. Inakuja kwa mkupuo.

Mlango wa Kusi

Kaka, soma tena ulichoandika: "ilianza kujinyanyua kidogo, halafu tap."

Ndege yenye kitovu cha uzito kibaya haina tap. Nguvu za hewa zinakua na mraba wa kasi, kasi ikiwa mara mbili nguvu ni mara nne, lakini zinakua kwa mfululizo. Ndege nzito mkiani inazama taratibu na kuzidi, unaiona inakunja mstari wake. Yako inaanza kufanya kile ndege nzito puani inafanya, yaani risasi yako inafanya kazi yake, kisha kitu kinabadilika katikati ya mbizi. Kuna kitu kinasogea. Kuna kitu kwenye hiyo ndege kiko mahali pamoja kwa mwendo mdogo na mahali pengine kwa kasi.

Toa hiyo risasi. Uliitibu ndege ugonjwa isiokuwa nao, na sasa umeongeza trimu ya juu kuibeba.

Tuanze na eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua. Umetumia nini kuunganisha sevo na mkia?

Kipanga_Dom

Ufito wa mwanzi wenye spoku ya baiskeli kila upande. Unapita ndani ya kiwiliwili, urefu kama sentimita 55. Umeshikwa mbele na nyuma tu.

FundiRedio

Hapo nakubaliana na Mlango wa Kusi, na naweza kuweka dau ni huo ufito. Kasi ikipanda, hewa inarudisha eleveta nyuma. Ukivuta stiki sevo inasukuma, ufito unajipinda katikati kama upinde na eleveta haiendi kokote. Hiyo ndiyo "inakataa" yako. Kasi ikipungua ufito unanyooka, eleveta inapata yote kwa mara moja, ndege inaruka.

Toa propela kwanza. Washa ndege, stiki katikati, sukuma eleveta kwa kidole kimoja, juu kisha chini. Angalia mkono wa sevo: umesogea? Angalia ufito: umejipinda?

Kipanga_Dom

Nimefanya sasa hivi mezani. Sevo haisogei. Ufito unajipinda, ndiyo. Nikisukuma kwa nguvu ya wastani ukingo wa eleveta unasogea karibu milimita 4.

Nimekata vipande vya mrija wa soda, nimevigundisha sehemu mbili katikati ya kiwiliwili ufito upite ndani yake. Sasa inasogea chini ya milimita 1. Nimeangalia bawaba zote, pembe ya eleveta (kile kijipembe kinachoshika ufito), hakuna iliyolegea. Mkia wenyewe nimeupinda kwa mikono, ni mgumu. Risasi nimetoa. Kesho asubuhi naruka.

Tausi wa Ziwa

Nafuatilia kwa karibu. Nasubiri mrejesho.

Kipanga_Dom

Wakuu, imezama tena.

Tofauti ni kwamba sasa nikivuta inaitikia mapema zaidi, haikatai sana. Lakini ile tap bado ipo. Na bila risasi inakuja kwa kasi ileile. Nimefanya mara mbili nikashusha, sikutaka kuichezea. Nilikuwa na imani na ule ufito. Nimerudi nyumbani nimeiweka juu ya kabati.

FundiRedio

Dah. Pole mkuu. Ufito ulikuwa mbovu kweli na ulihitaji kurekebishwa, ila kumbe haukuwa peke yake.

Tausi wa Ziwa

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanza, ndege za rimoti nina miaka miwili tu, kwa hiyo mtanisahihisha.

Kwenye injini, tukitaka kujua kama nati inalegea yenyewe njiani, tunapaka mstari wa rangi kutoka kwenye nati kuvuka hadi kwenye chuma. Ukirudi mstari umevunjika, umejua. Mimi kwenye ndege natumia rangi ya kucha. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, milimita moja tu ya kusogea inapasuka.

Kaka Kipanga, paka matone kila mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine. Mkia unapoingia kwenye kiwiliwili. Kibao cha mota. Betri na sakafu yake. Na hasa bawa linapokalia kiwiliwili, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Piga picha. Ruka mbizi moja, tua taratibu, usiguse bawa, angalia.

Nasema hasa bawa kwa sababu umesema mipira ni ya tyubu. Tyubu ikipigwa jua miezi minne inakufa. Sisi tunafungia mizigo kwa hiyo, tunajua.

Mlango wa Kusi

Dada Tausi, hii ni akili. Nimeona aibu sikuuliza kuhusu mipira mapema.

Kipanga_Dom

Nimepaka matone 11. Mke wangu ameniuliza rangi yake imekwenda wapi, nimemweleza, akaja mwenyewe kunionyesha namna ya kupaka isichuruzike.

Kipanga_Dom

MREJESHO, na naandika nikiwa bado uwanjani.

Mbizi moja, tap, nimenyanyua, nimetua. Sikugusa kitu. Nimepiga magoti pale kwenye vumbi na kuangalia tone baada ya tone.

Mkia mzima. Mota mzima. Betri haijasogea. Bawa mbele kushoto zima, mbele kulia zima. Bawa nyuma, kushoto na kulia, yote mawili yamepasuka. Ufa umekwenda sawasawa kwenye mstari ambapo bawa linakalia fomubodi, na kipande cha rangi upande wa kushoto kimeruka kabisa.

Yaani bawa linanyanyuka kwa nyuma. Mbele limekaa.

Tiara_Nai

Lakini nyuma? Mimi ningedhani mbele ndiyo ingenyanyuka. Unyanyuo wa bawa uko robo ya mbele, kila mtu anasema hivyo.

Mlango wa Kusi

Tiara, swali zuri sana na ndilo linalofungua kila kitu. Niruhusuni niandike kirefu.

Ile robo ya mbele ni kweli kwa bawa lisilo na mgongo, lenye umbo moja juu na chini. Bawa lenye mgongo, kama hili la chini bapa, lina tabia nyingine juu ya unyanyuo wake: wakati wote linataka kujiviringisha lishushe ukingo wa mbele na kunyanyua ukingo wa nyuma. Mwendo ukiwa mdogo, bawa limeinua pua, unyanyuo ni mwingi na uko mbele, hiyo tabia ya kujiviringisha haionekani. Kasi ikipanda, ndege inahitaji pembe ndogo tu ya bawa kubeba uzito uleule, ila nguvu ya kujiviringisha inapanda na mraba wa kasi. Ukijumlisha hayo mawili, mahali ambapo ni kama hewa inashika bawa panahamia nyuma.

Nimepiga hesabu ya ndege ya Kipanga kwa makadirio. Kwenye kasi ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, mahali hapo panakuwa karibu theluthi mbili ya upana wa bawa kutoka mbele. Mipira ya nyuma inavutwa kwa kama gramu 650. Kwenye mbizi ya kilomita 100 kwa saa inapita kilo moja.

Sasa mipira ikiwa imekazwa kuzidi hapo, bawa halisogei hata unywele. Ikiwa imelegea, bawa linatulia hadi siku ambayo nguvu ya hewa inazidi mkazo wa mpira. Hapo ndipo tap. Ukingo wa nyuma unanyanyuka, bawa linatazama chini kuliko lilivyokuwa, wakati mkia uko palepale. Milimita 4 za kunyanyuka kwenye bawa la sentimita 24 ni kama nyuzi 1, na nyuzi 1 ya tofauti kati ya bawa na mkia ni kitu kikubwa kwa ndege ya namna hii. Pua inazama, kasi inaongezeka, mpira unavutwa zaidi, pua inazama zaidi.

Halafu angalia inavyotoka. Unavuta stiki. Bawa linapata pembe kubwa zaidi, ile nguvu inahamia mbele tena, ukingo wa nyuma unakaa kwenye kiti chake. Kwa dakika hiyohiyo una eleveta iliyovutwa juu kabisa na bawa lililorudisha nyuzi zake. Ndiyo maana inafyatuka kwenda juu. Hata ukiwa na kitovu cha uzito sahihi, sevo mpya na redio ya gharama, ingefanya hivyo.

Na ndiyo maana ile kanuni ya mbizi uliyoisoma mwanzo ilikudanganya. Ile kanuni inasema ukweli kwa ndege ambayo vipande vyake havisogei. Kwa hii yako ilikupa jibu la mkia mzito, ukaongeza risasi.

FundiRedio

Mkuu nimesoma mara tatu. Miaka yote nafunga mipira kwa kufuata mazoea tu, sikujua nyuma ndiko kunakofanya kazi.

Tiara_Nai

Asante sana. Nimejifunza. Nimeenda kuangalia yangu sasa hivi.

Kipanga_Dom

Nina mizani ya kuning'iniza, ya kupimia samaki. Nimemshikisha mpwa kiwiliwili mezani, nimefunga kamba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, nikavuta juu taratibu.

Linaanza kuachia kwenye gramu 500. Kwenye kilo 1 nafasi ni milimita 6.

Lakini kuna jambo jingine, na hili limeniuma zaidi. Nimetoa mipira yote, nimebandua tepu niliyokuwa nimepamba ubavuni. Tundu la kijiti cha nyuma si duara tena. Limekuwa kama punje ya maharage, limekula fomu kwenda juu kwa milimita 4 upande wa kushoto na 3 kulia. Tepu ilikuwa imefunika yote. Kijiti kimekuwa kikipanda kidogokidogo kila niliporuka, na kila kilipopanda mpira ulilegea. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikikagua hiyo ndege kila asubuhi kabla ya kurusha, nikaishika bawa, nikaitikisa, nikaona iko sawa.

Tausi wa Ziwa

Usijilaumu kaka. Kwa kuitikisa usingeona, mkono unasukuma chini, hewa inavuta juu.

Ushauri wangu wa kutengeneza: usizibe tundu kwa gundi ya moto. Gundi ya moto kwenye jua la Dodoma, au ndani ya gari lililofungwa, inalainika. Kata vibao vya plaiwudi ya milimita 3, kimoja kila upande ndani ya kiwiliwili, viwe virefu vya kutosha kusambaza mzigo, gundisha kwa epoksi ya kuchanganya. Toboa tundu jipya kwenye plaiwudi ndipo upitishe kijiti. Fanya na mbele pia hata kama ni pazima. Na kijiti kiwe kinene, milimita 6, mwanzi uliokauka au ubao mgumu.

Mlango wa Kusi

Na nyuma, pale bawa linapokalia, angalia fomu haijabonyea. Ikiwa imebonyea bandika kipande cha plaiwudi nyembamba juu yake. Upana wa kiti ukiwa imara, bawa linarudi mahali pamoja kila unapolifunga, na trimu yako inakuwa na maana.

Kipanga_Dom

Nimechukua siku nne. Vibao vya plaiwudi nimepata kwa fundi samani, mabaki ya kabati, hakutaka pesa. Epoksi imekaa saa 24. Kijiti ni mwanzi wa milimita 6, nimeupaka vanishi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea kweli, kama milimita 1.5, nimekisawazisha.

Mipira nimekata mipya kutoka tyubu ya baiskeli ambayo haijatumika. Pete 10. Nane zinakwenda moja kwa moja mbele hadi nyuma, mbili za mwisho nimezipitisha msalaba juu ya bawa zizizuie nyingine kuteleza.

Mizani: nimevuta hadi kilo 2, bawa halijaachia. Sikuvuta zaidi nisije vunja ukingo.

Kitovu cha uzito kimerudi 7.5. Ufito wa eleveta upo na mirija yake. Nimepaka rangi ya kucha tena mahali palepale 11.

Kipanga_Dom

MREJESHO WA MWISHO.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipanda hadi juu kabisa, nikaitrimu, nikazima mota. Nyuzi 15, sawa. Nyuzi 30, nikaachia stiki, nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Inashuka na sauti ya hewa inapanda, nilikuwa nimeshika pumzi, mpwa wangu kimya. Nne. Pua ikaanza kuja juu yenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka bila haraka. Hakuna tap.

Nikarudia mara tano. Ya mwisho niliipeleka karibu nyuzi 45, haikubadilika.

Kutua kumerudi kama zamani. Inaelea, inapoteza mwendo, inakaa. Nimeangalia matone, yote 11 mazima.

Nimekaa pale uwanjani hadi betri zote tatu zikaisha. Asanteni sana wakuu, na dada Tausi shukrani za pekee. Mke wangu anasema anakusalimia.

Tausi wa Ziwa

Nimefurahi mno kaka. Msalimie na yeye, mwambie chupa yake nitamlipia nikija Dodoma.

FundiRedio

Hongera mkuu. Kwa wanaosoma uzi huu na wanataka kuanza: ulizeni kwanza TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na serikali ya mtaa kuhusu mahali pa kurushia, na mkae mbali kabisa na viwanja vya ndege.

Kijana wa Chang'ombe

Washa mbili zimemaliza tatizo langu, asante Mlango wa Kusi. Mkuu Kipanga, hizo pete za tyubu unazikata upana gani? Na unabadilisha baada ya muda gani?

Kipanga_Dom

Upana milimita 10, kata kwa mkasi mkali mara moja, usirudierudie. Ukingo ukiwa na mkwaruzo, mpira utaanzia kuchanika hapo. Zangu sasa nazitoa kila nikirudi nyumbani, nazipaka poda ya mtoto, naziweka kwenye kopo gizani. Kila mwisho wa mwezi navuta bawa kwa mizani, nyuma. Likiachia chini ya kilo moja na nusu, nakata mpya zote kumi.